Kunyoosha, kutia kiraka au kubadili paneli: gari la spoti la zamani likiumia nyuma

Gari la spoti la zamani likigongwa nyuma, mwenye gari hutazama kibonyeo na kuuliza kama kitanyooka. Jibu karibu siku zote ni ndiyo. Fundi wa bodi mwenye nyundo nzuri na subira hunyoosha karibu kila kitu. Swali lenye faida ni jingine: ni sehemu ipi iliyoumia? Nyuma ya gari kuna bati mbili zenye tabia tofauti kabisa, na watu wengi huzipa dawa moja.

Ya kwanza ni paneli ya taa, yaani bati linalokatiza kutoka taa hii hadi ile, chini ya mdomo wa buti na nyuma ya bampa. Ya pili ni ubavu wa nyuma, ambao mafundi wengi huuita kota paneli. Huo huanzia ukingo wa mlango, hupanda hadi kwenye nguzo ya paa, huzunguka tao la gurudumu na kuishia kwenye taa. Nauweka msimamo wangu wazi mapema ili usome yanayofuata ukijua naegemea wapi: paneli ya taa ikikunjika, ibadilishe bila huruma, ubavu ukibonyea, ng'ang'ana nao hadi uone sababu ya kweli ya kuukata.

Vua mazulia kwanza

Huwezi kulinganisha njia za matengenezo kabla ya kuona ndani. Toa zulia la buti, plastiki za pembeni, taa na gurudumu la akiba. Itazame sakafu ya buti: ina mawimbi upande mmoja ambayo upande wa pili hayapo? Sila ya kiwandani (kizibio) kwenye maungio imepasuka? Rangi imemenyuka kwa mistari? Hapo ndipo gari husema ukweli, maana ni mafundi wachache wanaojisumbua kurembesha mahali ambapo gurudumu la akiba hulala.

Rudi nje, uangalie mwanya kati ya mlango na ubavu. Ukiwa umebana juu na kupanuka chini, au kinyume chake, ubavu wote umesukumwa. Pitisha kiganja pale nguzo ya nyuma inapokutana na paa. Mawimbi madogo hapo yana maana kwamba nguvu ya kugongwa ilisafiri mpaka kwenye paa. Kisha pima mdomo wa buti kona kwa kona, kwa mshazari. Vipimo viwili vinapaswa kulingana. Vikipishana kwa milimita kadhaa, ujue mifupa nayo imeondoka mahali pake, na habari ya ngozi isubiri.

Gari la namna hiyo hupelekwa kwanza kwenye benchi la kuvutia chesisi, likiwa bado limevaa bati lake lililoharibika. Wenye magari hushangaa kwa nini fundi hakati takataka zote mara moja. Hakati kwa sababu bati lililokunjika bado limeshikamana na miguu ya chesisi, na likivutwa huvuta na vilivyo nyuma yake. Ukishalikata huna tena pa kushikia. Paneli mpya iliyochomelewa kwenye mifupa iliyopinda itapinda nayo: buti halitafunga, taa hazitakaa, na raba ya buti itaingiza maji mvua ya kwanza.

Jambo moja zaidi kabla ya kuchagua: pitisha kipimo cha unene wa rangi. Rangi ya kiwandani kwa kawaida husoma takriban mikroni 80 hadi 150 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Gari lililopakwa upya mara moja litasoma mara mbili ya hapo. Ukiona 600, 1,000 au zaidi, chini yake kuna fila, yaani kijazo cha kusawazisha bati, na bati hilo liliwahi kuumia. Kwa gari la umri huu si ajabu hata kidogo. Bati lililonyooshwa zamani huwa limetanuka na kukomaa, hivyo linanyooka kwa shida zaidi safari ya pili, na makadirio ya fundi ambaye hakupima yatavunjika akishaanza kupiga msasa.

Paneli ya taa: hapa sibishani sana

Paneli hii ni bati fupi lenye mikunjo mingi. Ina matundu ya taa, mahali pa kufuli ya buti, mara nyingi na mahali pa kibao cha namba. Nyuma yake huwa kuna bati jingine la kuitia nguvu. Kila mkunjo umeifanya kuwa ngumu, na ndiyo maana ikikunjika haibonyei kwa upole, inajifinya. Kuirudisha kunataka kufungua kila finyo mpaka tundu la taa lirudi kwenye umbo lake kamili. Likikosea milimita tatu taa itakaa upande, na raba yake haitaziba maji. Kwenye magari mengi maji ya buti huanzia kwenye raba ya taa, halafu hushuka kwenye sakafu, halafu kutu.

Upande wa kubadili, mambo yamepangwa vizuri. Maungio ya paneli ya taa yako mahali pa kufichika: juu yamefunikwa na raba ya buti, chini yako nyuma ya bampa, pembeni yako chini ya kingo za taa. Fundi hutafuta nukta za kuchomelea za kiwandani, huzitoboa kwa drili yenye ncha maalumu ya milimita 8 hivi inayokula bati la juu na kuliacha la chini, halafu huitoa paneli bila kukata kitu kingine. Paneli mpya hutobolewa matundu, hufungwa kwa klampu, buti hufungwa juu yake, taa huingizwa kwa majaribio, na ndipo matundu hujazwa kwa kuchomelea. Akikubali kufunga buti na taa kabla ya kuchomelea, umepata fundi. Akikuambia atarekebisha baadaye, tafuta mwingine.

Rangi nayo ni rahisi hapa. Paneli ina mwisho kila upande, kwa hiyo hakuna haja ya kufifisha rangi, yaani kuiyeyusha polepole ndani ya ile ya zamani, katikati ya bati.

Kunyoosha paneli ya taa kunafaa pale tu kibonyeo kilipo kati, kwenye eneo tambarare, na matundu ya taa hayakuguswa. Au pale ambapo paneli ya gari hilo haipatikani popote, jambo ambalo kwa baadhi ya magari adimu ni kweli na halina ujanja.

Ubavu: hapa ndipo penye vita

Ubavu hauna mwisho. Kwenye magari mengi ya spoti bati hilo limeunganishwa na paa juu, kizingiti (bati la chini ya mlango) chini, fremu ya mlango mbele, tao la ndani la gurudumu, sakafu ya buti, na paneli ya taa. Kuubadili wote kunahitaji kutoa kioo cha nyuma na mara nyingi cha pembeni, viti, vipambo vya ndani, tangi la mafuta au angalau shingo yake, na kukata kiungo cha paa ambacho kiwanda kilikijaza na kukilainisha hadi hakionekani. Kwenye magari mengi ya zamani kiungo hicho kilijazwa risasi iliyoyeyushwa. Inachekesha kidogo kusikia mtu akisema gari safi halina kijazo chochote, wakati kiwanda chenyewe kilianza kujaza. Ila usiipige grenda hiyo risasi: vumbi lake ni sumu. Hutolewa kwa kuipasha moto taratibu na kuifuta.

Kwa hiyo njia ni tatu.

*Kunyoosha bati lililopo.* Chuma cha magari ya kabla ya miaka ya 1990 kwa sehemu kubwa ni chuma laini, unene wa milimita 0.7 hadi 1 hivi. Hiyo ni bahati yako. Chuma laini hukubali kurudi. Siri iko kwenye kutofautisha kunjo na kibonyeo. Eneo pana lililozama mara nyingi halijaumia lenyewe; limeshikiliwa chini na kunjo moja au mawili makali pembeni yake. Fundi anayejua hulegeza kunjo kwanza, akienda kinyume cha jinsi ajali ilivyotokea: lililobonyea mwisho hutoka kwanza. Eneo pana hupanda lenyewe, wakati mwingine kwa sauti. Anayeanza kugonga katikati ya shimo hulitanua bati, na bati lililotanuka halina pa kwenda; linabaki kuingia na kutoka ukilisukuma kwa kidole gumba. Likifika hapo hupashwa moto kwa nukta ndogo ndogo, saizi ya sarafu, mpaka wekundu, kisha hupozwa ili lijivute.

Kikwazo ni kufika nyuma ya bati. Sehemu ya juu ya gurudumu ina kuta mbili, na mkono hauingii. Hapo fundi hutumia pini: huzichomelea juu ya bati kwa mashine ndogo, huzivuta moja moja kwa nyundo ya kuvutia huku akigonga kingo za juu, halafu huzikata. Ni njia nzuri, lakini ina deni. Kila pini huunguza rangi ya upande wa ndani, na upande huo hauonekani. Usipoingiza nta ya kuzuia kutu ndani baada ya kazi, kila nukta itaanza kula bati kutoka nyuma, na malengelenge yatatokea juu ya rangi yako nzuri.

Fila juu ya bati lililonyooshwa vizuri ni jambo la kawaida, hata kwenye kazi za hali ya juu. Milimita moja au mbili baada ya kusugua haina aibu. Sentimita moja ni udanganyifu: itapasuka kwa mtikisiko, na kwa kuwa fila ya poliesta hunywa maji, ufa mmoja tu unatosha kupeleka unyevu hadi kwenye chuma. Muulize fundi atafunika fila kwa praima (rangi ya msingi) gani, na gari litakaa bila koti la rangi kwa muda gani. Gari lenye fila wazi halisafishwi kwa maji wala halilali mvuani.

*Kutia kiraka.* Sehemu moja imechanika au imeoza, nyingine ni nzima. Hukatwa kipande kibovu, huchomelewa kingine. Njia hii ndiyo ya haki pale ajali na kutu vimekutana, na kwenye gari la zamani hukutana mara nyingi. Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, iliyotoka 1989, ni mfano unaojulikana: maji ya turubai la paa hushuka kwa mifereji iliyo nyuma ya viti, mifereji ikiziba maji huishia kwenye vizingiti, na bati lililo mbele ya gurudumu la nyuma huoza kutoka ndani. Anayegonga kona hiyo anadhani anabonyeza bati. Kumbe anatoboa karatasi. Hapo kunyoosha hakupo kabisa kwenye orodha.

Mahali pa kupitisha mshono ndipo penye ustadi. Mshono ukipita katikati ya eneo pana tambarare, joto litalivuta bati na kuacha bonde refu ambalo utalijaza fila. Mshono ukifuata mstari wa umbo la bodi, au ukiwa karibu na ukingo, bati lina ugumu wa kustahimili joto. Kona za kiraka ziwe za mviringo, kwa sababu kona ya pembe nne hukusanya joto na baadaye hukusanya nyufa.

Kisha kuna ugomvi wa zamani: bati zikutane ncha kwa ncha au zilaliane? Kulaliana ni rahisi. Ukingo mmoja hukanyagwa ushuke, mwingine hukaa juu yake. Lakini nyuma hubaki tabaka mbili zenye mwanya mwembamba, na maji hayahitaji zaidi ya hapo. Mstari wa mshono pia huweza kuonekana kwenye jua kali, kwa sababu unene wa aina mbili hupokea joto tofauti. Ncha kwa ncha inataka fundi mvumilivu: mwanya sawasawa, nukta moja hapa, nyingine sentimita kadhaa kutoka hapo, subira ipoe, rudi. Kwa ubavu wa gari unalolipenda, dai ncha kwa ncha. Kwa sakafu ya buti, kulaliana kwenye sila nzuri hakuna ubaya.

Mashine nayo ina sauti yake. MIG, mashine ya kuchomelea inayosukuma waya yenyewe, ikiwa na waya wa milimita 0.6 ni ya haraka na hupatikana kila gereji, ila mshono wake ni mgumu, haupendi nyundo. TIG, ambayo fundi huilisha waya kwa mkono, huacha mshono laini unaoweza kugongwa na kutanuliwa ukarudisha kile joto lilichovuta, lakini huingiza joto la muda mrefu na hudai mkono uliozoea. Fundi wa MIG aliyebobea ni bora kuliko wa TIG anayejifunzia kwenye gari lako.

*Kubadili ubavu mzima.* Nimeshasema gharama yake. Inabaki kuwa njia sahihi katika hali chache: bati limechanika na kukunjika zaidi ya nusu yake, tao la ndani nalo limeharibika na huwezi kulifikia bila kutoa la nje, au chini ya rangi umekuta matengenezo mabaya ya zamani yaliyolala juu ya mengine. Hali ya mwisho huwa inamaliza mjadala. Usiendelee kunyoosha fila ya mtu.

Hata hapo si lazima ukate mpaka kwenye paa. Mafundi wengi hukata chini ya dirisha la pembeni, kwenye nguzo ya nyuma pale ilipo nyembamba, na kuacha kiungo cha paa kama kilivyo. Mshono mfupi, bati jembamba, joto kidogo. Kwa mtazamo wangu hiyo ndiyo kazi ya mtu aliyefikiri, ilimradi mahali hapo pasiwe na bati la ndani la kutia nguvu linalobeba mkanda wa kiti au bawaba ya buti.

Paneli itoke wapi?

| Chanzo | Inavyokaa | Tatizo lake | Ninaichagua lini |
|---|---|---|---|
| Mpya ya kiwanda | Vizuri, ingawa iliyokaa ghalani miaka mingi huweza kuwa imepinda au kushika kutu | Haipatikani kwa magari mengi | Ikipatikana |
| Ya kuiga | Hubahatisha. Mistari ya umbo mara nyingi si mikali | Kazi ya kuirekebisha huweza kuzidi ya kunyoosha ya zamani | Paneli ya taa, kizingiti, kiraka cha tao |
| Ya gari lililochinjwa (lililokatwakatwa kwa ajili ya spea) | Vizuri kuliko zote | Kutu iliyofichika, na saa nyingi za kutoboa nukta | Ubavu mzima |

Bati la gari lililochinjwa lina faida ambayo haionekani kwenye jedwali. Linakuja na bati zake za ndani, mabano yake na matundu yake. Agiza likatwe kubwa kuliko unavyohitaji, pamoja na kipande cha paa na cha kizingiti, kisha fundi wako alipunguze mwenyewe mezani. Hakikisha ni la toleo lako hasa. Toyota MR2 ya kizazi cha pili ilibadilishiwa taa za nyuma katikati ya maisha yake, na si peke yake. Magari mengi ya spoti yalifanyiwa marekebisho ya sura ambayo muuzaji wa spea huyaita madogo.

Viwanda vingine vimerudi nyuma kuwahudumia wazee. Nissan kupitia NISMO, tawi lake la mashindano, ilianza 2017 kutoa upya vipuri vya Skyline GT-R ya R32, na Toyota ikafuata 2020 kwa Supra za zamani. Kampuni ya British Motor Heritage huunda bodi nzima za MGB, gari la spoti la Kiingereza, tangu 1988, jambo linalomfanya mwenye MGB kuwa na uhuru ambao wengine hatuna. Lakini kuwepo kwa mpango wa vipuri hakuna maana kwamba ubavu wako umo kwenye orodha. Uliza kwa namba ya kipuri.

Kama bati lako si chuma cha kawaida

Bodi za Porsche 911 kuanzia modeli ya 1976 ni za chuma kilichochovywa zinki. Kulinyoosha ni kulekule, ila joto ndilo adui, kwani zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, chini sana ya kiwango cha kuyeyuka kwa chuma. Kila unapochomelea, ulinzi umeondoka na moshi wake huleta homa. Hii ni sababu nyingine ya kupendelea kunyoosha kuliko kukata: kila mshono unaouepuka ni zinki uliyoiacha.

Alumini ni ulimwengu mwingine. Honda NSX ya 1990 ilikuwa na bodi nzima ya alumini. Metali hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 660 bila kubadilika rangi kukuonya, hunyooka kwa joto dogo la kudhibitiwa, na haitakiwi kuguswa na msasa au nyundo iliyotoka kwenye chuma, kwa sababu chembe za chuma zikibaki juu yake huanzisha kutu ya metali mbili. Kama gereji haina vifaa vya alumini vilivyotengwa, usiliache gari hapo. Angalia pia usidhani gari zima ni la aina moja: R32 GT-R ina bonneti na fenda za mbele za alumini, lakini nyuma ni chuma.

Faibaglasi hugeuza msimamo wangu wote. Corvette tangu 1953 na Lotus nyingi hazibonyei, hupasuka. Hakuna kunyoosha. Na cha ajabu, kutengeneza ndiko kunakoshinda kubadili karibu kila mara. Lotus Elise ya 1996 ina kipande kimoja kikubwa kinachofunika nyuma yote, kwa hiyo kukibadili kwa ajili ya kona moja ni kutupa nyumba kwa ajili ya dirisha. Fundi husaga ufa kutoka pande zote mbili kwa mteremko mpana, hulaza tabaka za nyuzi na resini kuanzia ndani, halafu hujenga nje. Anayejaza ufa kwa fila juu juu bila kugusa upande wa ndani atakuona tena. Kwenye Corvette pana kipengele cha ziada: paneli zimegundishwa kwa vipande vya nyuma, na zikiachia, mstari hutokea kwenye rangi hata bila ajali. Resini lazima ilingane na aina ya faibaglasi. Matoleo ya baadaye yaliyoshinikizwa kwa moto hayashikani vizuri na resini ya kawaida ya poliesta.

Rangi huamua zaidi ya inavyodhaniwa

Rangi ya paneli ya taa nimeshaieleza. Ubavu ni tabu: rangi itafifishwa wapi wakati bati linaendelea hadi kwenye paa? Wengine hufifisha kliya (koti la juu lisilo na rangi) kwenye nguzo ya nyuma. Siku ya kukabidhiwa gari huoni kitu, na baada ya miaka kadhaa ya jua mstari hujitokeza. Njia ya uhakika ni kupeleka kliya mpaka kwenye ukingo halisi, hata kama ni paa zima na upande wa pili. Kwenye rangi ya metaliki mlango nao upakwe kiasi ili jicho lisikute mpaka.

Kabla fundi hajachanganya rangi, sehemu jirani ipigwe polishi. Nyekundu ya koti moja iliyopauka ikipimwa ilivyo, utapata rangi mpya iliyopauka, halafu siku utakayopolishi gari zima nyuma itabaki peke yake. Na kama ni wewe unayepuliza: rangi zenye hadina (kigumishi) huwa na isosayaneti, kemikali yenye sumu, na barakoa ya kawaida ya vumbi haizuii kitu. Panatakiwa hewa safi inayoletwa kwa bomba.

Yanayosahaulika

Tangi la mafuta liko jirani na kila unachotaka kuchomelea. Litolewe, pamoja na mipira yake. Tangi tupu si salama kuliko lililojaa. Mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka. Betri ichomolewe, na kama gari lina kompyuta ya injini, plagi yake nayo. Povu na lami ya kuzuia kelele kwenye mbavu hushika moto kimyakimya na kuendelea kufuka baada ya mashine kuzimwa, kwa hiyo mtu akae na maji karibu. Kwenye gari lenye injini nyuma au katikati, fikiria pia joto la ekzosi: gundi za paneli, ambazo baadhi ya gereji huzipenda badala ya kuchomelea bati la nje, zina kikomo cha joto, na mahali ambapo kiwanda kilichomelea kwa ajili ya nguvu, gundi peke yake haitoshi.

Omba picha za bati tupu kabla ya fila, zenye pembe pana inayoonyesha gari ni lako. Atakayelinunua siku moja atapitisha kipimo chake cha mikroni, na picha ya bati lililonyooka chini ya milimita moja ya fila ni jibu zuri kuliko maneno. Kama ubavu wa asili umebaki, kwa gari adimu hilo lina thamani yake, kwa sababu nukta za kiwandani kwenye ukingo wa mlango na wa dirisha bado ziko mahali pake na mnunuzi anayejua huzihesabu.

Nta huingizwa ndani ya mbavu baada ya rangi kukauka, si kabla. Ikivuja kwenye bati linalosubiri kupakwa, rangi haitashika. Baada ya hapo funga buti na taa, mimina maji kwa mpira dakika kadhaa juu ya paneli ya taa na kingo za kioo, kisha funua zulia na upapase sakafu kwa mkono mkavu. Pakiwa pamelowa, raba au sila irekebishwe kabla gari halijaondoka gereji.